Fuata Mpiga Besi

Ukitaka kununua santuri za jazz za zamani bila kufilisika, usianze na jina kubwa lililoandikwa mbele ya kava. Ligeuze. Kule nyuma, pembeni mwa maelezo marefu ambayo wengi hawayasomi, kuna majina ya wapigaji kwa herufi ndogo: nani alipuliza tarumbeta, nani alikaa kwenye piano, nani alipiga drams. Mimi huanza na wa besi, ile kubwa ya mbao inayosimama wima. Nilianza mtindo huu Chicago nikauhamishia Dar es Salaam, na karibu kila santuri ninayoipenda imenifikia kwa njia hiyo.

Nyumbani kwetu Dodoma jazz ilikuwa ni bendi. Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Marehemu baba alikuwa na santuri zao, zile ndogo za nyimbo mbili, nyingi zikiwa zimechapwa Nairobi, na ilikuwa marufuku mtoto kuzigusa. Kwa hiyo nilipofika Chicago na kukuta duka la vitu vya mitumba lenye masanduku yaliyoandikwa JAZZ, niliingia nikitafuta magitaa. Magitaa hayakuwepo. Palikuwa na wanaume waliovaa suti, wameshika saksafoni, na bei ilikuwa dola moja.

Muuzaji alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Nilimwambia sijui nianzie wapi, akaniwekea santuri ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Piano na besi vikasogea kidogo kidogo, kwa hadhari, kisha besi ikasema jambo na wapulizaji wakaitikia kwa sauti mbili. Besi ikasema tena, wakaitikia tena. Hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza, maana nimekulia kwenye ngoma ambazo mmoja anaita na wengine wanapokea. Kilichonishangaza ni kwamba aliyekuwa akiita ni yule anayesimama nyuma.

Aliitwa Paul Chambers. Wimbo ule ulirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, naye akiwa na miaka 23. Walirudi studio kumalizia tarehe 22 Aprili, siku aliyotimiza miaka 24. Alifariki Januari 1969 kwa kifua kikuu, na hiyo miaka michache ya katikati aliitumia kurekodi na karibu kila mtu wa maana.

Nikaanza kumfuata. Yumo kwenye Blue Train na Giant Steps za mpiga saksafoni John Coltrane, na kwenye hiyo ya pili kuna wimbo uliopewa herufi za jina lake, "Mr. P.C." Yumo kwenye Tenor Madness ya Sonny Rollins, ya 1956. Kwenye Cool Struttin' ya Sonny Clark nikamkuta tena, na huyo Clark, mpiga piano aliyekufa na miaka 31, nisingemjua kamwe kwa kufuata majina makubwa. Nikampata kwenye Soul Station ya Hank Mobley. Nikampata hata California, Januari 1957, kwenye santuri ya Art Pepper, aliporekodi na wapigaji wa Miles waliokuwa ziarani kule. Kila kava lilinipa majina mengine matatu au manne, nayo nikayafuata. Mpiga piano Wynton Kelly alinipeleka kwa mpiga gitaa Wes Montgomery, ambaye nilimnunua kwa bei ya chakula cha mchana.

Hii ndiyo faida yake. Wenye fedha hukimbilia majina ya mbele na kupandisha bei. Wa besi ni yuleyule kwenye santuri ya dola elfu kadhaa na ya dola tano. Kuna santuri moja ya Hank Mobley ya 1957, namba 1568 kwenye orodha ya kampuni ya Blue Note, ambayo chapa yake ya kwanza huuzwa maelfu ya dola. Chambers yumo. Yumo pia kwenye kadhaa ambazo nimezitoa chini kabisa ya sanduku, mahali ambapo inabidi upige magoti kwenye zulia chafu.

Nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye maegesho ya magari, kwa hiyo asubuhi za Jumamosi nilikuwa macho wakati wengine wamelala. Ndio muda wa kwenda kwenye nyumba ambazo mwenyewe amefariki na familia inauza vitu. Siku moja, upande wa kusini wa jiji, nilimkuta mama mmoja mjane akiuza santuri za mumewe, mstaafu wa posta. Vijana wawili walikuwa wameshatangulia, wana taa ndogo mkononi, wanachambua makava haraka haraka bila hata kumwamkia. Mimi sikuwa na mbio hizo. Nilimpa pole ya msiba, tukakaa, akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia ninamfuata Paul Chambers.

Akacheka. "Mume wangu alikuwa anamfuata mpiga drams," akasema. "Philly Joe Jones. Njoo huku, mwanangu."

Alikuwa amezificha chumbani zile ambazo mumewe alizipenda zaidi, hakutaka zishikwe ovyo. Wale vijana waliondoka na mzigo mkubwa kuliko wangu. Mimi niliondoka na Relaxin' ya Miles Davis, lebo ya njano ya kampuni ya Prestige, ina jina la mwenyewe kwa kalamu kwenye kona ya kava. Wakusanyaji wengi huyakimbia makava yaliyoandikwa jina. Mimi nayatafuta, kwa sababu bei hushuka na muziki haupungui.

Yule mama ndiye aliyenifundisha kuangalia tundu la katikati. Ukishika santuri, inamishe kwenye mwanga na utazame lebo karibu na tundu. Mtu anapoiweka kwenye pleya bila kulenga vizuri, ncha ya ile pini ya katikati huchora kamstari chembamba kwenye karatasi. Zikiwa tele, kama nywele zilizomwagika, ujue santuri hiyo imepigwa sana, hata kama juu inang'aa. Na kung'aa kunadanganya. Pleya nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa na mikono mizito na sindano zilizochakaa, zikawa zinakwangua kwa ndani ule mfereji unaobeba muziki bila kuacha mkwaruzo unaoonekana. Dalili yake utaisikia mwishoni mwa upande, karibu na lebo: tarumbeta inapopanda inakoroma. Mkwaruzo wa juu utakupa "tik" chache kisha unapita. Mfereji uliochoka hautibiki.

Nimewahi kuuziwa ya namna hiyo kwa njia ya posta, imeandikwa iko katika hali nzuri sana, na picha zilikuwa safi kweli. Nilipolalamika muuzaji akanijibu kwamba picha hazisemi uongo. Tangu hapo, mtu wa mbali namuuliza swali moja tu: umeipiga mpaka mwisho, au umeitazama?

Kuna alama nyingine, hizi ni za wenye ugonjwa zaidi. Kati ya wimbo wa mwisho na lebo pana sehemu laini isiyo na muziki, na hapo ndipo mafundi walipoacha saini zao. Kwenye Blue Note za zamani utakuta RVG au VAN GELDER. Huyo ni Rudy Van Gelder, mpima macho wa New Jersey aliyeanza kurekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake pale Hackensack, kabla ya kujenga studio yake Englewood Cliffs mwaka 1959. Pembeni yake mara nyingine kuna kialama kinachofanana na sikio. Ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichozichapa. Blue Note iliponunuliwa na kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960, sikio likapotea kwenye chapa mpya. Kwa sikio hilo watu wanaongeza sifuri kwenye bei.

Mimi siongezi. Van Gelder akiwa ndiye aliyekata mfereji, chapa ya Liberty inanitosha kabisa. Za kampuni za Prestige, Riverside na Contemporary ninachukua zile zilizorudiwa miaka ya 1980 kwa jina la Original Jazz Classics: kava lilelile, sauti safi, na watafuta sifa hawazigombanii. Za Japani nazo ni kimya ajabu, hakuna kelele hata chembe kati ya nyimbo, ingawa wenzangu wengine hudai zimepoa mno. Wana hoja, ila mimi nikiwa na usingizi wa mchana sibishani na ukimya. Jambo moja ninalolishikilia ni mono, sauti yote katika njia moja. Nyingi za Chambers za 1956 na 1957 zilirekodiwa kwa mono, na besi yake inasimama katikati ya chumba, miguu chini. Kwenye stereo nyingi za mwanzoni, wapigaji wanasukumwa ukutani, huyu kulia, yule kushoto.

Kurudi Tanzania kulinipa somo la umeme. Marekani wanatumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, sisi 230 na 50. Wengi wanajua habari ya volti, wananunua transfoma na kudhani wamemaliza. Transfoma haibadilishi mizunguko. Zile pleya za zamani zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira, ambazo mota yake inafuata mapigo ya umeme wa ukutani, zikifika huku zinazunguka polepole: badala ya mara 33 na theluthi kwa dakika unapata chini ya 28, na muziki unashuka karibu toni moja na nusu. Niliwahi kuisikia kwa jamaa yangu wa Sinza aliyetangulia kurudi. Coltrane alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kabla sijafunga kontena niliuza pleya yangu ya mkanda nikachukua Technics SL-1200 MK2, ambayo mwendo wake unatawaliwa na fuwele ya kwatzi na haujali kama uko Chicago au Tandika, mradi upate volti zake.

Na kwa habari ya mwendo, ile Kind of Blue iliyonianzisha nayo ina kasoro yake tangu kuzaliwa. Siku ile ya Machi 1959 mtambo mmoja wa kurekodia pale Columbia ulikuwa unazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo santuri ilipotoka na kupigwa kwa mwendo wa kawaida, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilisikika zimepanda juu kidogo. Ilisahihishwa 1992. Wapiga piano waliojaribu kupiga sambamba na chapa za zamani walidhani piano zao zimelegea. Ninazo zote mbili, ya kasoro na iliyosahihishwa. Naipenda ya kasoro, ina haraka fulani.

Dar ina maadui wengine. Joto ni la kwanza: ukiacha santuri kwenye gari lililofungwa mchana Kariakoo, utakuta imejikunja na hakuna uzito utakaoinyoosha ikarudi ilivyokuwa. Msimu wa masika kuvu huota kwenye makava, madoa ya kijivu yenye harufu ya godauni. Kisha kuna mchwa. Walipanda kwa nyuma ya rafu yangu ya mbao, wakala ukingo wa chini wa makava kwa mstari ulionyooka, na santuri zenyewe hawakuzigusa. Sasa rafu ni ya chuma, iko mbali na ukuta, na santuri zimesimama wima. Ukizilaza moja juu ya nyingine, za chini zinabeba uzito wote. Mia moja na makava yake zinapita kilo ishirini. Mifuko ya nailoni ninayavika makava lakini sizibi mdomo, la sivyo unyevu unabaki ndani na kazi yote ni bure.

Kuosha ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kinachotakiwa ni maji yasiyo na chumvi, maana ya bomba la kwetu, na zaidi ya kisima, yakikauka yanaacha unga kwenye mfereji. Nenda duka la vipuri ununue maji ya betri, yale ya kuongezea, si tindikali, na usome chupa mara mbili. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye lita. Brashi laini, unafuata mzunguko wa mfereji, usikate katikati, na lebo usiiloweshe. Kisha suuza kwa maji yaleyale bila sabuni na uziegeshe kwenye rafu ya kukaushia sahani, jambo ambalo mke wangu ameshalitolea kauli na mimi ninaosha akiwa kazini. Wengine wanaongeza spiriti kidogo. Kwa LP, zile za mizunguko 33, sawa. Kwa zile nzito za zamani za mizunguko 78, thubutu! Zile zimetengenezwa kwa shellac, aina ya lakiri, na spiriti inazila.

Kuna kapu moja kwenye rafu yangu ambalo si la Chambers. Ni la Wamarekani waliokuwa wakituangalia sisi. Mwezi Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York na bendi kubwa kurekodi Uhuru Afrika. Mipangilio ya vyombo iliandikwa na Melba Liston, maneno ni ya Langston Hughes, na mwanzoni, kabla bendi haijashika moto, sauti ya Mtanganyika inasoma kwa Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mzima na siku kadhaa kabla ya bendera kupanda. Nilipoiweka kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu kwenye chumba changu Chicago, theluji nje, na nikaitikia kwa sauti bila kukusudia. Wapiga besi ni wawili, George Duvivier na Ron Carter, na ngoma zimejaa mpaka unashindwa kuzihesabu. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku.

Februari 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru wa Kenya, mpiga tarumbeta Lee Morgan alirekodi kwa Van Gelder wimbo aliouita "Mr. Kenyatta". Umo kwenye Search for the New Land, iliyokaa kabatini mpaka 1966. Besi ni Reggie Workman. Rafiki yangu Mkikuyu, mtu wa hesabu na siasa, aliusikiliza wote kisha akauliza kama Mzee mwenyewe aliwahi kuusikia. Swali zuri. Na mwaka 1971 Herbie Hancock akatoa Mwandishi, bendi nzima ikiwa imejipa majina ya Kiswahili. Mganga alipuliza tarumbeta. Wa besi, Buster Williams, walimwita Mchezaji, na ukimsikiliza kwenye wimbo wa kwanza, ule wenye mapigo kumi na tano, utakubali kwamba jina lilimkaa.

Mwaka jana baba yangu mdogo alikuja kutoka Dodoma kwa matibabu ya macho. Alinikuta sebuleni na santuri.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hizi ni zile za kaka?"

Za baba ninazo, nikamwekea Western Jazz akafurahi, akaimba na kuimba. Kisha nikambadilishia, nikaweka Chambers na wenzake. Alisikiliza dakika mbili hivi.

"Mwimbaji amechelewa?"

"Hawaimbi hawa, baba mdogo."

"Basi huyu anayevuta nyuma ndiye anayewabeba. Yeye hana bendi yake?"

Anayo. Bass on Top, Blue Note, 1957: Chambers mbele, na Kenny Burrell kwenye gitaa, Hank Jones kwenye piano, Art Taylor kwenye drams. Kwenye wimbo wa kwanza hadonoi nyuzi, anazisugua kwa upinde, taratibu, sauti nzito yenye mchanga. Baba mdogo, ambaye ni Mgogo wa Wagogo na ujanani alipiga zeze kwenye harusi nusu ya wilaya, aliinuka kwenye kiti, akasogelea spika mpaka paji la uso likakaribia kugusa kitambaa.

"Upinde wake umelegea," akasema. "Lakini mkono anao."

Wataalamu wa jazz nao wamebishana sana kuhusu upinde wa Chambers, wengine hawaupendi hata kidogo. Yeye alifika hapo bila kusoma chochote. Aliondoka na dawa zake za macho akaniachia agizo kwamba akirudi kliniki nimtafutie mwingine anayepiga hivyo. Nimeshamtengea Slam Stewart, aliyekuwa akisugua besi huku anaimba noti zilezile kwa mdomo juu yake. Nasubiri kusikia atasema nini.

Kwa sasa ninayoisaka ni Tanganyika ya Buddy Collette, ya 1956, iliyotoka California kwa lebo ndogo iitwayo Dig. Mfuatiliaji mmoja wa Kenyatta Market, Nairobi, ananiangalizia, na jamaa wawili niliowaacha Chicago wanajua. Ukikutana nayo mahali, hata kava likiwa limeliwa na mchwa, usiiache. Tazama tundu la katikati, ipige mpaka mwisho wa upande, kisha niambie bei.